Tetesi Yangu Imemwangukia Binti Yangu

Bi Loretta wa ukurasa wa Alhamisi,

Mwaka wa saba huu nakusoma nikiwa kwenye foleni ya kahawa hapa Milpitas, na sikuwahi kufikiri kwamba nami nitakuja kukuomba msaada, lakini nimechoka, nimechoka mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo nivumilie nikiyamwaga yote kwa mkupuo, maana nikisimama kupumua nitaogopa na barua haitaondoka.

Nina miaka arobaini na tisa, mchana nasimamia ghala la mabomba, na jioni, jambo ambalo mke wangu Marivic halijui, naandika tetesi za laptop kwenye tovuti kwa jina la bandia, mwaka wa kumi na moja sasa, laptop ipi inakuja, itapungua unene kiasi gani, prosesa yake itakimbia vipi, tundu lipi la kuchomekea waya linaondolewa safari hii, na kuna watu laki kadhaa wanaonisoma na kutukanana kwa ajili ya tundu, Bi Loretta, tundu tu, na kila anayeniuliza anunue sasa au asubiri namjibu asubiri, kwa sababu anayesubiri ndiye anayerudi kesho kusoma. Marivic anadhani nafuatilia mpira wa kikapu.

Sasa Marivic ana kaka yake, shemeji yangu Rodel, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni kubwa inayotengeneza hizo laptop, kazi yake kuchomeka waya na kuchomoa, mara elfu kumi kwa kila tundu, waone litalegea lini, na miaka yote hiyo hakuwahi kudondosha neno mezani, mama mkwe humtania, "Nilisomesha mhandisi, kumbe wanamlipa kwa kuchezea waya," naye hucheka tu na kujiongezea pansit, zile tambi za kwao. Jumapili moja ya Januari tulikuwa tunakula kwetu, na binti yetu Trisha, ana miaka kumi na saba na roho yake yote iko kwenye kupiga picha, akamuuliza, "Mjomba, ninunue laptop hii iliyopo ama nisubiri mpya?" Rodel akamtazama, nadhani alimwonea huruma, akasema, "Nunua hii, mama. Hiyo inayokuja haina pa kuingizia memori kadi. Utatembea na vikorokoro vya waya kama fundi redio. Na hili liishie hapahapa mezani, umenisikia?" Trisha akasema amesikia, na kesho yake akaenda na mama yake wakanunua. Mimi nilikuwa kwenye sinki nasuuza vyombo, mgongo nimewapa.

Kabla chai haijapoa nilikuwa nimejifungia bafuni na simu, na nilipotoka habari ilikuwa imeshapanda kwenye tovuti. Ilisomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika.

Kumbe ulikuwa mtego. Kampuni ilikuwa inawinda watoa siri, kila kundi la wafanyakazi likaambiwa jambo lake, hawa waambiwe kioo kinabadilika, wale waambiwe betri, na kundi la Rodel, watu sita tu, wakaambiwa tundu la memori kadi linaondolewa, na si kweli hata chembe, tundu lipo palepale lilipo, kwa hiyo habari ilipotokea wakajua mlango wa kugonga. Wakawaita wote sita, wakawaambia asiposema mmoja wataondoka wote, na Rodel akasimama akasema ni mimi, nilimwambia mpwa wangu nyumbani, hawa wengine waacheni. Miaka kumi na minne ya kazi ikaisha siku ile, na sasa anasambaza vifurushi kwa gari lake mwenyewe.

Mimi hakuna aliyenifikiria, maana nyumbani najulikana kama mtu asiyejua hata kuwasha printa. Trisha alipobanwa akakiri kwamba ile Jumatatu shuleni alimwambia rafiki yake mmoja, Noelle, na hapo kesi ikafungwa, ni Trisha. Mama yake alimwambia, "Mdomo wako umemla mjomba wako." Bibi yake humjibu kwa mkato. Mtoto ameandika barua ya kuomba msamaha kwa mkono, mara mbili, laptop ameirudisha kwenye boksi lake, kamera ameisukumiza chini ya kitanda, na chuo cha picha kilichomkubali huko Oregon anasema haendi, atabaki afanye kazi dukani amsaidie mjomba kulipa pango, na siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Rodel amemsamehe, humwambia, "Mama, yamekwisha, hukujua," na hapo ndipo anapolia zaidi. Mimi nimekaa palepale mezani, napitisha chumvi.

Nilichofikiria ni hiki. Laptop itazinduliwa Oktoba, na itatoka na tundu lake, dunia nzima itaona kwamba kilichoandikwa kilikuwa uongo, kwa maana hiyo hakuna siri ya kweli iliyovuja, na kufikia hapo hasira zitakuwa zimepoa na nitaweza kuwaeleza taratibu. Je, si busara nisubiri hadi Oktoba? Na tovuti niifunge au niiache? Nishauri, Bi Loretta, mimi kichwa changu hakifanyi kazi tena.

Aliyechoka, Milpitas

*

Aliyechoka,

Pole. Naanza na pole kwa sababu uchovu wako nauamini. Kukaa na uongo mezani Jumapili hadi Jumapili kunachosha kuliko kubeba mabomba. Pole yenyewe imeishia hapo.

Umeniuliza la Oktoba, ukaniuliza la tovuti. Kumhusu Trisha hukuniuliza kitu. Isome tena barua yako mwenyewe: mtoto amezika kamera chini ya kitanda, anatupa chuo alichokipigania, na baba yake anataka kujua kama afunge tovuti. Hebu jionee haya kidogo, zitakusaidia.

Unasema hasira zitapoa. Za nani? Rodel hana hasira, umeniambia wewe mwenyewe. Hasira za mkeo na za mkweo ziko kwa mtoto, na yeye ndiye anayezila kila siku badala yako. Anayeogopa kukasirikiwa ni wewe. Na Oktoba Trisha atakuwa wapi? Atakuwa anapanga makopo dukani, ameshaamini kabisa kwamba yeye ni mtu asiyefaa kuambiwa kitu. Imani ya namna hiyo haifutwi na uzinduzi wa laptop. Nimewaona kina mama wa miaka hamsini ambao bado wanatembea nayo.

Hiyo hoja kwamba habari ilikuwa ya uongo, iache. Rodel alifukuzwa kweli.

Usijifariji na Noelle pia. Mtoto alivunja ahadi kwa kumwambia rafiki mmoja, ni kosa, alistahili kukemewa jioni moja yaishe. Wewe umemtwisha la kwako juu ya lake, kwa kunyamaza tu, miezi mitatu. Na kuna jambo limo kwenye barua yako ambalo hujaliona, au umeliona ukalifumbia macho. Alimwambia Noelle Jumatatu. Wewe uliandika Jumapili, chai ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo hata hilo kosa lake dogo halikumgusa Rodel popote. Mtoto wako hana hatia, na ushahidi umo kwenye simu yako, na umekuwa ukitembea nao mfukoni.

Sasa nisikilize. Leo hii ukitoka ghalani usipitie popote. Kamwone Trisha kwanza, kabla ya mkeo, kabla ya Rodel. Gonga mlango, kaa chini. Usianze na mtego wa kampuni wala na miaka kumi na moja ya kuchoka, hayo ni yako. Sema, "Niliyeandika ni mimi. Si wewe." Halafu mwonyeshe ile habari, tarehe na saa yake. Lazima aione kwa macho, kwa sababu mtoto aliyejilaumu kwa muda huu hataamini maneno matupu, atadhani unamkingia kifua.

Baada ya hapo mwambie mama yake, jioni hiyohiyo. Kisha kamfuate Rodel kwake, usimpigie simu. Kazi yake hutaweza kumrudishia, usiende na ahadi. Pango lake lisaidie wewe, si binti yako. Mama mkwe utamweleza Jumapili, mezani, kila mtu akisikia, kwa sababu mtoto aliaibishwa kila mtu akisikia. Na kabla ya Ijumaa hakikisha nafasi ya Oregon imethibitishwa, kama bado anaitaka. Tovuti fanya upendavyo. Marivic atakuwa na maoni.

Mimi nimewaomba watoto wangu msamaha mara nyingi kuliko nilivyopenda, na sikufa hata mara moja. Nawe hutakufa. Ila usitegemee kupokelewa vizuri. Anaweza kulia, anaweza kukufokea, anaweza kukaa wiki nzima bila kukutazama usoni, na yote ni haki yake. Neno moja tu nakukataza: ukimaliza kumwambia, usimwombe akutunzie siri, hata kwa dakika tano. Akiinuka kwenda kumwita mama yake, mpishe apite.

Loretta