Mlingoti Niliousogeza

Jengo la 3, Nyumba 102,
Yeongdo, Busan.
9 Aprili 2024

Mpendwa mdogo wangu Sun-im,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Wote wa São Paulo nawasalimu. Mimi sijambo kwa desturi ya barua tu. Mapafu yamechoka, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Mkwe wangu ananifungia dirisha, nikilifungua, analifunga. Mkono nao unanikera, kila mstari unapinda.

Nina neno la kukuambia kuhusu kifo cha Mama. Nimelikalia miaka kumi na moja. Usimpe mtu akusomee. Kaa, usome mwenyewe.

Unakumbuka Mei ile simu zako hazikupita, nikakuambia mtambo umeharibika na kampuni inazembea. Jengo letu limeegemea mlima, hivyo nyumba za chini hazipati mawimbi ya simu mpaka yaletwe. Antena iliyo kwenye mlingoti juu ya paa huyapokea, waya huyateremsha hadi kwenye kisanduku cha kuyakuza, na antena ndogo za darini huyagawa kila ghorofa. Baada ya kustaafu ualimu, mimi ndiye niliyeangalia umeme wa jengo, na ufunguo wa paa nilikuwa nao mimi.

Machi ya mwaka ule Mama hakunipa raha kwa ajili ya mitungi yake ya soya ya kuchachusha, aliyoiweka paani. "Gi-taek, mitungi iko kivulini! Unataka tule ukungu?" Mahali pekee penye jua la asubuhi palisimama mlingoti. Nikaufungua, nikausogeza hatua nne karibu na kibanda cha ngazi, nikaipanga mitungi pale. Nilitaka anyamaze, basi.

Sikufikiri kwamba ndani ya kibanda kile kuna antena ya ghorofa ya juu. Antena hizo mbili zikaanza kusikiana, kama spika inavyopiga mluzi ukiisogezea maikrofoni. Kisanduku kikijisikia chenyewe hujizima na kuwasha taa nyekundu. Nilikuwa nakizima na kukiwasha. Kinafanya kazi dakika kumi, halafu nyekundu tena. Nilibadilisha fyuzi, nikakaza viungo vya waya, nikakitukana. Wakazi walinigongea mlango kutwa, na ni hao hao waliokuwa wamekataa kisanduku kisifungwe hapo mwanzo, eti kitawaumiza vichwa!

Kampuni ikamleta fundi Pyo, mtu wa makamo, mpole. Alibadilisha kisanduku kizima. Nyekundu. Alipokuja mara ya tatu alipanda paani, sisi sote nyuma yake, akaonyesha alama nyeupe sakafuni.

"Mwalimu, mlingoti ulikuwa hapa. Nani kausogeza?"

Nilielewa papo hapo, Sun-im. Neno moja tu lilitakiwa. Badala yake nikasema, "Bwana, unataka kunifundisha mimi fizikia?"

Bibi Seok, mwenyekiti wa wakazi, akadakia, "Mwalimu kafundisha miaka thelathini na minne. Wewe una bisibisi tu!"

"Bisibisi yangu haina haja ya kudanganya, mama," Pyo akajibu. Wakamcheka. Wakaandika barua ya malalamiko, na mimi nikawasahihishia lugha. Pyo akahamishwa.

Usiniulize kwa nini sikuurudisha mlingoti alfajiri, watu wamelala. Taa ingegeuka kijani bila fundi, na kila mtu angejua Pyo alisema kweli. Nilijiambia kesho. Halafu kesho.

Ndipo Mama akaugua, asitoke tena kitandani. Nilikupigia nikiwa barabarani, ukalia, ukaniomba umsikie japo anavyopumua. Nikakuambia hana fahamu.

Nilidanganya. Mama alikuwa macho siku mbili nzima. Kila akifumbua macho: "Sun-im hajapiga?" Hajapiga, Mama. "Amenikasirikia mpaka leo?" Sijui, Mama.

Siku ya pili swali lile lilinishinda. Nikabonyeza namba yako, nikamwekea simu sikioni, nikapaza sauti, "Mama, Sun-im huyu hapa!" Simu ilikuwa kimya kabisa. Masikio yake yalishasikia sauti ya kupazwa tu, hakujua. Akazungumza.

Alikufa asubuhi iliyofuata. Siku ya tatu baada ya mazishi niliurudisha mlingoti mahali pake. Taa ikawa kijani, na wakazi wakaja kunishukuru. Wakaniletea mapeasi! Yalioza, sikuweza kuyala.

Bibi Seok naye ameshakufa. Niliogopa macho ya mtu ambaye leo hayupo. Pyo nimemwandikia wiki iliyopita. Wewe nilikuwa nakuogopa zaidi.

Msalimie shemeji Chang-bok, umsalimie mwanao Hye-ran na mwanawe aliyeanza shule. Mbingu ziwape nyumba yenye amani na uzee usio na siri. Sikuombi unisamehe kwa haraka, ila usiache kuandika kwa sababu ya hasira. Hata matusi yako nitayasoma kwa furaha.

Yanayofuata ni mali yako. Niliyaandika siku ile ile, na sikuongeza neno:

"Sun-im? Umekula? Usiniambie umekula kama hujala, nakujua. Sikiliza. Ile siku ulipoondoka, ulidhani sikuja stesheni. Nilikuja. Viatu vyangu vilikuwa vimetoboka, nikaona haya mbele ya wakwe zako, nikasimama nyuma ya nguzo. Ulivaa koti la kijani lililokuzidi mikono. Uligeuka mara tatu. Nilikuona zote tatu. Haya, kata sasa, simu ya mbali ni ghali."

Wako akupendaye, aliyechelewa,
Kaka yako Gi-taek