Baba, Nilitaja Jina Lako

Mpendwa Baba,

Unakumbuka asubuhi ya operesheni yako ya ngiri hapa Homa Bay? Majirani zetu wa Rongo walikuwa wamekuonya kwamba kazi yangu ni kulaza watu wasiamke. Ukaniuliza mbele ya daktari wa upasuaji, "Nyathina," ukaniita mtoto wako kwa Kijaluo, "nikilala moyo wangu utafanya nini?"

Sikukuficha. Nilikuambia dawa ya usingizi ikiingia mshipani, presha hushuka, na moyo wenyewe unaweza kupunguza mwendo. Halafu nikipitisha mpira wa kupumulia kooni, mara nyingi moyo hushtuka ukaenda mbio.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Karibu na kichwa chako."

Ukamgeukia daktari. "Basi tuanze. Huyu ni wangu."

Uliamka salama. Na hilo "wangu" ulilolitamka, Baba, nimelibeba hata baada ya kukuzika.

Juzi tuliletewa msichana mdogo kutoka Osiri, utumbo umejifunga. Mama yake huchimba dhahabu. Alifika na udongo wa machimboni kwenye viatu. Mtoto alilala vizuri. Lakini nilipoingiza kifaa cha kuangalia koo, moyo wake haukwenda mbio. Ulipungua. Mlio wa mashine ukaanza kuchelewa, kila mmoja kuliko uliotangulia. Kwa watoto hutokea hivyo: dawa ya kulegeza misuli, na koo kuguswa, huweza kuuvuta moyo chini hadi usimame.

Nilikitoa kifaa, nikampa oksijeni kwa barakoa, nikaagiza atropini, dawa ya kuurudishia moyo mwendo. Mikono yangu ilitulia, Baba. Tukasubiri. Kisha milio ikaanza kukaribiana, ikashika mwendo wake. Nikajaribu tena, mpira ukapita.

Kesho yake alifungua macho akaomba uji, ambao hatungeweza kumpa bado. Akanuna. Sijawahi kufurahia kununiwa namna hiyo.

Mama yake alinishika mikono yote miwili. "Daktari, wewe ni binti wa nani?"

Ningeweza kumtajia cheo changu, au chuo nilichosomea. Nilitaja jina lako, lote, na la baba yako. Akalirudia polepole ili asilisahau, kisha akainama kitandani akamfundisha mtoto wake kulitamka.

Pumzika, Baba. Huko Osiri wanakujua sasa.

Ni mimi, wako,
Akoth