Asubuhi ya Kwanza ya Msimu wa Kulungu

Alabama, Novemba 24

Kaka Alonzo mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Yvette. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Detroit? Sisi huku tunapumua. Baba ni mzima, na nimelitanguliza hilo usije ukaruka mistari kumtafuta. Leo amekula viazi vitamu akamaliza, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Najua ulinikataza nisiwakodishie wawindaji msitu wetu. Ulisema ardhi aliyotuachia babu si ya kuchezewa na wenye bunduki kutoka Birmingham. Lakini kodi ya ardhi hailipwi kwa maneno, kaka, na wewe uko mbali. Nikatia saini: msimu mzima msitu ni wa Bwana Hollis Pruett na wenzake watano, nasi tusivuke uzio wa nyuma kabla ya saa sita mchana. Ni watu wa heshima, sikufichi. Pruett huvua kofia akizungumza na Baba.

Kwenye lango la uzio huo wametundika ubao wenye ramani ya msitu, na kila ulingo wa kuvizia kulungu una msumari wake. Mtu akifika alfajiri hutundika kibati chenye jina lake kwenye msumari wa ulingo anaokwenda kuukalia. Msumari ukiwa na kibati, mwingine hasogei upande huo. Baba aliupenda ubao ule kuliko televisheni. Tangu ulipowekwa alikwenda kila siku kuwakosoa: "Huyu naye kajenga ulingo wapi? Upepo wote utampiga kisogoni! Kulungu atamnusa tangu jana."

Basi Jumamosi ya kwanza ya msimu, jua halijachomoza vizuri, nilikuta kitanda cha Baba kitupu. Kizibao chake cha rangi ya chungwa, kile kinachomfanya mtu aonekane mtu na si mnyama, kilikuwa mlangoni kwenye ndoano. Koti lake la kahawia halikuwepo. Nilikimbia na kandambili hadi langoni. Vibati vyote sita vilikuwa mahali pake, na kwenye msumari wa ulingo wa kijitoni, juu ya kibati cha Pruett, umetundikwa ufunguo wa nyumba yetu. Masikini Baba! Hakuwa na kibati, akatundika alichonacho, kwa utaratibu kabisa. Na Pruett alishapanda ulingo kitambo, hajui kuna mtu anamjia kwa miguu, amevaa rangi ya kulungu.

Niliogopa, kaka. Nikipiga mayowe Baba atashtuka akimbie, na kinachokimbia hupigwa. Nikinyamaza, ndiyo basi tena. Nami nilikuwa na gauni la kulalia la kijivu, rangi ya mnyama vilevile. Nikaanza kuimba ule wimbo wa ubatizo wa kanisani kwetu, kwa sauti yote niliyojaliwa, huku natembea. Nikiwa katikati ya msitu, bunduki ikalia. Ee Mungu wangu! Nilikaa papo hapo kwenye matope, lakini mdomo ukaendelea kuimba wenyewe.

Haikuwa ya Pruett. Mwenzake, upande wa barabara, alikuwa amepata kulungu. Nilipofika kijitoni Baba alikuwa amekaa chini ya ulingo, na Pruett, mtu mzima mwenye wajukuu, yuko kando yake analia. Akanieleza kwamba aliona kitu cha kahawia vichakani, akalenga, kidole kikawa tayari kwenye kifyatulio, ndipo akasikia mwanamke anaimba, akainua kichwa kutazama. Baba alikuwa amefura kwa hasira. "Umewafukuza kulungu wote, Corine! Na kwa sauti hiyo, ndiyo maana kwaya walikuweka nyuma." Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Sasa hapa kila mtu ananisifu. Mchungaji amenitaja kanisani. Pruett ameleta paja la kulungu, ananiita shujaa.

Kaka, sikukikuta kitanda kitupu. Nilikuwa jikoni na kahawa yangu, nikamwona Baba dirishani akivuka uzio na koti lile. Nilijua ni siku gani. Kizibao nilikuwa nakiona pale kwenye ndoano. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniamsha mara tano, akinipigia kelele kwamba mimi ni mwizi, nitoke nyumbani kwake. Nikajiambia, mwache aende. Nikanywa kahawa mpaka ikaisha. Nikaosha kikombe, nikakifuta, nikakirudisha kabatini. Ndipo nikakimbia.

Siwaogopi wenye bunduki tena. Naogopa asubuhi nyingine ya namna ile, na msimu haujaisha. Njoo, kaka. Umchukue au ukae naye, vyovyote, ila njoo. Usinipigie simu, maana kwenye simu nitakwambia hatujambo. Nimemwomba Opal, jirani yetu, awe analala hapa. Nimemwambia ni kwa usalama wa Baba. Amekubali, masikini, wala hajui anamlinda Baba na nani.

Mfikishie wifi salamu zangu, na Mungu awafungulie njia.

Ni mimi mdogo wako,
Corine