Meza ya Dirishani

Huonville, Tasmania
2 Machi 1998

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, tunavuna matufaha na nyumba nzima inanukia matufaha. Goti lako linaendeleaje?

Sikuandikii kukulaumu tena kwa kutokuja harusini kwangu. Ulisema mkahawa wako haufungwi, yakaisha, ingawa niliumia. Sasa wakwe zangu, Merv na Doreen, wanakuja Ulaya. Jumamosi ya tarehe 18 Aprili watakuwa Lyon, na jioni watakula kwako. Kifaransa hawajui hata neno moja. Hawa ndio wazazi wangu wa huku, Baba. Ukiwapokea wao, umenipokea mimi na mume wangu.

Mwanao,
Clémence

Lyon
19 Aprili 1998

Mwanangu Clémence,

Hujambo? Goti ni lilelile. Nakuandikia nikiwa na hasira, nivumilie.

Wakwe zako hawakuja. Niliwaandalia meza ya marehemu mama yako, ile ya dirishani, na maua, na vitambaa vipya vilivyopigwa pasi. Mkahawa ulifurika, watu wanagongana viwiko, wengine wamesimama na glasi mkononi wakingoja nafasi, na mimi nakataza meza ile isiguswe. Perrachon, yule mteja wetu wa siku zote, unamjua alivyo, akapaza sauti: "Anselme, unamngoja askofu?" Wote wakacheka. Nikamjibu namngoja mkwe wa binti yangu, akale anyamaze. Mpaka tunafunga, hakuna aliyekuja.

Sura ngeni zilikuwa mbili tu, wazee mume na mke, makoti ya mvua na viatu vya tope. Waligonga kioo saa kumi na mbili jioni. Nani anakula saa hiyo, kuku? Niliwaonyesha saa ya ukutani nikashusha pazia. Wakasubiri mvuani hadi saa moja na nusu. Nikawabana kwenye meza ya Perrachon, karibu na mlango wa jikoni. Yule mzee alitaka kuniambia neno, lakini nilikuwa na sahani mikono yote miwili. Utumbo wa kukaanga waliumaliza, wakapangusa mchuzi kwa mkate kama watu wa hapa. Bibi aliimba na meza nzima, maneno hayajui, sauti anayo. Laiti wakwe zako wangekuwa watu wa namna hiyo.

Baba yako

Huonville
10 Mei 1998

Baba,

Natumai hujambo. Sisi wazima.

Wale wawili ndio wao. Huku shambani tunakula saa kumi na mbili, wakadhani ni hivyo duniani kote. Nilipoisoma barua yako nilikasirika nikashindwa kula. Saa nzima na nusu mvuani, Baba, na wewe ndani unapanga maua yao.

Jana wamerudi, nikawauliza kwa nini hawakujitambulisha. Doreen akasema Merv alijaribu mara moja, kelele zikammeza. Kisha wakamuuliza jirani yao wa mezani, mwenye Kiingereza cha kuokoteza, kwa nini meza nzuri hivyo iko tupu. Akawaambia unamngoja mkwe wa binti yako. Hapo wakaelewa. Doreen akataka kuinuka, Merv akamshika mkono. "Tukae hapahapa," akamwambia. "Tukisema sasa, tutamwaibisha mbele ya watu wake."

Wakala, wakaimba, wakawa wanaitazama meza yao. Merv anasema mtu anayekataa wateja usiku mzima kwa ajili ya binti yake, huyo hajamkana.



Clémence

Lyon
2 Agosti 1998

Mwanangu,

Habari za huko? Nimekawia kukujibu. Kila nilipokaa kuandika, niliona aibu.

Kwenye kabati tunamowawekea wateja wa siku zote vitambaa vyao vya mezani, nimewatengea Merv na Doreen kishubaka chao, majina yao juu, chini ya kile cha mama yako. Perrachon amekiona, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Mkahawa ungeweza kufungwa siku ya harusi yako. Sikutaka kukuona ukiwa wa watu wengine, basi. Nisamehe. Leo nimeandika kwa chaki mlangoni kwamba Oktoba yote tumefunga. Tiketi ya ndege ya kuja huko ninayo.

Waambie wakwe zako nitafika kwao saa kumi na mbili jioni. Wasinifungulie mpaka saa moja na nusu. Nitasimama nje, na kama kutakuwa na mvua, afadhali.

Baba yako