Mama, Sumaku Yako Ninayo

Mama,

Sumaku yako ninayo. Niliichukua kabla mashini yako ya kushona haijahamia kwa mdogo wangu, nikaifunga ndani ya kitenge, nikavuka nayo mpaka kwenda Bujumbura, hadi huku Ulaya. Ni ile uliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Kila jioni uliniita, "Mapendo, pini ziko fasi gani?" nami nikapiga magoti, nikaipitisha sakafuni mpaka zote zirudi koponi. Siku hizi inakaa chumbani kwangu, maana kazini hairuhusiwi kuisogelea mashine yetu ya maabara.

Kazi yangu uliielewa kwa sababu ya pini. Nilikueleza kwa simu: protini ni ndogo mno, umbo lake halionekani, hivyo tunaibandika kipande kidogo cha metali na kuiingiza kwenye sumaku kubwa kama tangi la maji. Kila atomu inatoa alama kwenye kompyuta. Zilizo mbali na metali, alama zao hazibadiliki. Za katikati zinasogea. Zilizo karibu kabisa zinafifia mpaka zinapotea.

Ukauliza, "Sasa zile zenye kupotea, munazitupa?" Nilicheka, kwa kuwa mwaka wa kwanza nilizitupa kweli, nikidhani nimeharibu kazi. Hapana, Mama. Kupotea kwao ndiko kunatuonyesha kwamba ziko karibu. Ukasema, "Aa, basi nimesikia," ukarudi kwenye pindo la mteja.

Siku ya kukuzika, wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wa bandari ya Kalundu walilia mpaka sauti zikakauka. Nikaitwa niseme neno, mimi kifungua mimba wako. Nilisimama. Hakikutoka kitu, Mama, hata chozi. Shangazi akasema mbele ya watu, "Huyu, Ulaya imemukausha roho." Neno hilo limeniuma miezi yote hii, kwani nilianza kuliamini.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye kompyuta, nikitazama mahali ambapo alama zilipaswa kuwa, na hazipo. Nikakukumbuka ukiuliza kama tunazitupa. Nililia pale pale, mbele ya wenzangu wote.

Siku ya kumaliza kilio nitakuja Uvira. Nitasimama tena, sumaku mkononi, nimweleze shangazi kama nilivyokueleza wewe. Maneno yakinikataa tena, wewe utajua nilikuwa karibu.

Pumzika, Mama. Pini zote nimeziokota.

Mapendo wako