Kiraka cha Upande wa Ndani

Baba,

Shikamoo. Naiandika kwa mazoea tu, maana marahaba yako najua haitafika.

Leo nimefunga kibaraza chetu cha viatu mapema. Mama hayupo wa kuniuliza kwa nini. Baada ya matanga alikwenda kwa mjomba huko Kishapu, na kila nikimtumia salamu arudi Shinyanga anajibu kwamba mjini hana la kufuata. Mvua nayo imetunyima. Pamba imekaukia shambani ikiwa haijafika magotini. Lakini si hayo niliyokaa kukuandikia. Ni habari ya Rozi, na nimeikwepa siku nyingi.

Rozi wako, Baba, binti wa mhandisi wa mgodini. Yule aliyekuwa akija kila Jumamosi na yaya wake, Mama Kulwa, anakaa juu ya boksi la misumari na kukuamkia kwa sauti, "Mwangaluka, baba!" mpaka wapita njia wanageuka kumtazama Mzungu mdogo anayesema Kisukuma. Ana miaka kumi. Alitaka kitu kimoja tu duniani, vile viatu vigumu vya baleti, ngoma yao ya kusimama juu ya ncha za vidole. Wenzake wawili walikwisha kuvivaa. Yeye alikuwa bado na vile laini vya ngozi nyembamba, na kila alipovileta vishonwe alikuuliza kama yuko tayari.

Ngoma yenyewe hukuwahi kuiona. Viatu ulijifunza jeshini wakati wa vita, ukishona mabuti ya askari. Lakini mwalimu wao, yule mama mrefu, aligundua kwamba ukigeuza soli unamjua mwenye mguu, ikawa hampi mtoto viatu vigumu mpaka wewe umwangalie. Ulimvua viatu, ukamsimamisha kwenye saruji kwa mguu mmoja, apande, ashuke, taratibu, nawe unahesabu kimoyomoyo. Mimi nilidhani unatazama kifundo cha mguu. Siku moja ukaniambia, "Tazama mabega, mayu. Mguu ukichoka, mabega ndiyo yanapanda." Uliniita mayu hata nilipokuwa mtoto, kama mtu anavyomwita mama mtu mzima, nami nilikuwa najiona mkubwa kweli.

Mabega ya Rozi yalipanda. Soli yake ililika upande wa ndani, chini ya kidole gumba, kila mara palepale. "Bado," ukamwambia. Alilia. Ukampa kipande cha nta afinyange, ukamsimulia ndama wa mjomba aliyefungwa nira kwa sababu ameota pembe, msimu mmoja bega likaoza tukamchinja. Rozi akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Ndama yule nilikuwa nampenda.

Na mimi ulinipa onyo moja. "Hapo upande wa ndani usipige kiraka. Soli ikitoboka, weka nzima. Acha kiatu kiseme."

Sasa nakuambia. Ulipokuwa umelala mgonjwa, kifua kinakubana, Rozi alikuja na tundu palepale. Ngozi ya soli nzima nilikuwa sina, naye alikuwa na ngoma Jumapili. Nikapiga kiraka. Kilitoka kizuri, Baba. Mshono mdogo mdogo, kingo nimezisugua mpaka ukipitisha kidole hujui pa kuanzia wala pa kuishia. Nilitamani kukuonyesha, ila niliogopa.

Miaka saba nilikaa kwenye mkeka ubavuni mwa kigoda chako, nikingoja uniambie kwamba niko tayari, sasa mimi ni fundi. Siku zile za mwisho nilikuwa nakunywesha uji na kujisemea moyoni, leo atasema. Ulichosema ni kwamba nifunge dirisha, vumbi la malori ya pamba linaingia. Ukafa bila kusema. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu. Nimekulaumu sana.

Basi nikakikalia kigoda chako. Nilikuwa nimekikalia siku mama yake Rozi alipokuja na boksi kutoka Ulaya. Mwalimu mrefu alikuwa ameshaondoka kurudi kwao, na mama huyu ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto kwa kusoma kitabu. Ndani ya boksi kulikuwa na viatu vya hariri, rangi ya waridi, mbele vigumu kama gome la mti. Akaniuliza, "Baba yako angesema yuko tayari?" Hakuna Mzungu aliyewahi kuniuliza neno, isipokuwa lini nitamaliza kazi. Rozi amesimama nyuma yake, viganja vimeshikana, ananitazama kama siku zile alivyokutazama wewe.

Nikageuza kiatu laini. Soli ilikuwa sawa kabisa, ndani na nje. Usidhani nilisahau. Nilikiona kiraka changu. Nilikiona, nikafurahi jinsi kilivyoshika. Nilikitazama kwa macho ya mtu anayesifia kazi yake, nikausahau mguu uliokuwa ukikivaa kiatu. Sikumvua mtoto viatu. Sikumsimamisha kwenye saruji. Gari lilikuwa linangoja, nami nilitaka sana kulisema neno hilo angalau mara moja.

Nikasema, "Yuko tayari, memsahib."

Rozi alinirukia shingoni. Nikashona kanda za kufungia kwa uzi wako mzuri, ule uliokuwa unauweka kwa kazi maalumu.

Wiki ya tatu mguu uligeukia ndani na mfupa ukavunjika. Mama Kulwa ndiye aliyeniletea habari, amesimama barazani hataki kukaa. Walimfunga plasta miezi miwili. Walipoifungua, mguu ulikuwa umeunga vibaya. Daktari amesema atatembea, lakini kuchechemea hakutaisha, na kucheza asahau. Hakuna aliyekuja kunigombeza. Ningeomba waje. Mama Kulwa alirudi juzi na vile viatu laini vimefungwa kwenye kitambaa, akasema, "Rozi anasema ubaki navyo, uzikumbuke zile Jumamosi." Mtoto hajui. Anadhani ni ajali.

Nimekifumua kiraka. Chini yake, kuzunguka lile tundu, ngozi imelika imekuwa kama ganda la kitunguu, palepale ulipokuwa unaweka kidole chako. Kiatu kilikuwa kinasema, Baba. Mimi ndiye niliyekiziba mdomo.

Leo wameondoka kwa treni, wanakwenda pwani kupanda meli. Nilikwenda stesheni nikasimama upande wa mizigo, nisionekane. Rozi alipanda ngazi za behewa, mama yake amemshika mkono. Nilitazama mabega. Yalipanda kwa kila ngazi.

Sina tena wa kumuuliza. Watu wananiambia muda utaponya, nami nawaitikia tu. Muda hautaunyosha mguu ule.

Vile viatu nimevitundika msumarini juu ya meza ya kazi, soli nje, tundu likitazama kibaraza. Kigoda chako nimekisogeza ukutani, nimerudi mkekani, na wateja wakiniuliza kwa nini naacha kiti kitupu nawaambia kina mwenyewe. Lala, Baba. Kwaheri. Nakuahidi sitakikalia, na neno lile sitalisema tena juu ya mguu wa mtoto wa mtu. Nililingoja kwako miaka saba nikidhani unaninyima. Sasa najijibu mwenyewe, kwa sauti yako.

Bado, mayu.

Mwanao,
Kabula