Makofi kwa Mama Sekela

Jumatatu, 3 Juni

Zamu tena. Baridi ya Tunduma inaingia hadi ndani ya buti. Foleni ya malori imefika Chapwa, na leo nimeitembea yote nikipekua maturubai, matairi ya akiba, vitanda vya madereva. Hakuna kitu. Kule Nakonde, Inspekta Mutale wa polisi wa Zambia anapekua malori yaleyale yakishavuka. Naye hapati kitu. Tumeundiwa kikosi cha pamoja, nchi mbili, na kazi yetu kubwa ni kutumiana meseji za pole. Dawa za kulevya zinapita. Tunajua zinapita. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Juni

Hatimaye tumekamata. Si kwa ujanja wetu. Ni Mama Sekela, anayewapikia madereva wali na maharage pale foleni inapoishia. Aliniita kando akaniambia kuna dereva hashuki kula. Anataka apelekewe sahani garini, na mtu akisimama karibu na sanduku la betri anafoka.

Nikampigia Mutale. Tuliliacha lori livuke, likafunguliwa upande wake, ili watu wasijue habari imetoka huku. Sanduku limejaa unga.

Nilimuuliza mama haogopi? Akasema mwanawe yuko kwao Ileje, unga huohuo umemharibu, hata jina la dada yake halikumbuki. Ataogopa nini tena.

Jumamosi, 8 Juni

Mkuu wetu wa kikosi anataka chai ya pongezi pamoja na Wazambia. Anataka na mama awepo, ale, ashukuriwe. Nilimwambia haifai. Akasema nina roho ngumu. Tumekubaliana aingie na wapishi, abebe sufuria, asitajwe popote.

Jumatano, 12 Juni

Sijui nani alitufundisha kwamba shughuli haijaanza mpaka kila aliyemo ukumbini asimame atambulishwe. Wageni walisimama. Sisi tukasimama. Wapiga picha wakasimama, na dereva wa mgeni rasmi. Mkuu akanogewa. Akasema tusiwasahau walioko jikoni. Akamwita Mama Sekela kwa jina, akasema huyu ndiye jicho letu pale kwenye foleni. Akaomba makofi ya kilo.

Tukapiga. Nilipiga na mimi, mikono ilikwenda yenyewe. Mutale peke yake aliinamia sahani yake. Mama alisimama na mwiko mkononi akitabasamu, vile mtu anavyotabasamu mbele ya wageni.

Namchukia Mkuu. Angekuwa amehongwa ningemwelewa. Alitaka tu kumpa mama heshima.

Alhamisi, 13 Juni

Video iko kwenye simu za watu. Madereva wamepita kibanda cha mama bila kusimama. Mmoja tu alikaa. Alikula akamaliza, akalipa, akasema, "Hongera kwa makofi, mama." Akaenda zake.

Mama alinisimulia huku akiosha sahani ya yule mtu. Aliiosha mpaka nikamnyang'anya.

Ijumaa, 14 Juni

Mkuu anasema suala la ulinzi amelifikisha juu, tusubiri. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikumhurumia.

Mutale hakusubiri. Aliomba ruhusa kazini kwake, akavuka na pikapu ya shemeji yake. "Huyu mayo watamuua," ndiyo tu aliyosema. Wao mama humwita mayo. Tulipakia sufuria, godoro na gunia la mkaa, tukashika njia ya Ileje. Polisi wa Zambia anaendesha, mimi nimevaa kitenge, hakuna aliyetutuma. Huu ndio ushirikiano wa kweli niliouona mwaka huu.

Njiani mama aliuliza jambo moja tu, nani atakula maharage aliyoyaloweka. Hakutaka tufike kwa kaka yake. Tukamshusha stendi.

Jumapili, 21 Julai

Niko likizo. Nimekwenda Ileje, sukari na sabuni kwenye mfuko. Nyumba sikuijua, nikaulizia kwa watu njiani. Kila mtu aliifahamu, wakanielekeza vizuri.

Nilimkuta uani anapura maharage na wifi yake. Mwanawe ameketi juani, amenawiri kidogo. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea, karibu nilie. Wifi akauliza mgeni ni nani. Mama Sekela alinitazama, bila hasira.

"Simfahamu," akasema. "Amepotea njia, anatafuta stendi."

Akajifuta mikono, akajitanda khanga, akanisindikiza hadi barabarani. Akanionyesha upande wa kwenda, akanitakia safari njema, akarudi kwenye maharage yake. Sukari nimerudi nayo.